Siumwi Popote

Mfuniko wa sufuria ulianguka kabla hakujapambazuka, ukazunguka sakafuni kwa muda kama sarafu iliyokataa kulala, kisha ukatulia. Msusi alibaki amesimama mbele ya rafu, mkono bado uko hewani nusu ya safari, akisubiri nyumba iamue kama imeamka au haikuamka.

"Ni paka?" sauti ya mama mkwe ilitoka nyuma ya ukuta.

"Si paka, mama. Ni mimi."

"Afadhali angekuwa paka. Paka hufukuzwa."

Hakusema kwa ubaya. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno ya asubuhi. Yakishatoka, siku yake huwa safi. Lakini Msusi hakucheka. Rafu ile mume wake aliitundika kwa kipimo cha mwili wake yeye, wiki waliyohamia. Alimwambia anyooshe mkono, akaweka alama ya penseli pale ncha za vidole zilipofika. Rafu haikuhama, na mkono ulikuwa uleule, ila sasa kati yao palikuwa na mahali ambapo hakuweza kupavuka. Aliusukuma mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama anayepandisha mtoto juu ya ukuta. Haukupanda.

Kuinama aokote mfuniko aliweza. Kuinuka tena ndiko kulikomtia hofu. Akausogeza kwa mguu chini ya meza.

Wifi yake aliingia akipiga miayo, kanga imefungwa ovyo. Alikuwa dada wa mume, amerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika, anauza nguo za mitumba sokoni, na mdomo wake mtaa mzima uliujua. Akaona mfuniko, akaona mkono, akauokota mfuniko na kuupachika juu bila hata kuutazama.

"Wifi, siku hizi unapanga vyombo kama unamrushia mbwa mfupa," alisema, akaenda kuwasha moto, kazi ambayo haikuwa zamu yake.

*

Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa saluni. Palikuwa na kioo kimoja, viti viwili, na kwa miezi ya karibuni mto mkubwa sakafuni. Mto ulikuwa ujanja wa Msusi. Mteja akikaa chini, yeye akakaa kwenye kigoda nyuma yake, mikono haihitaji kwenda juu, na vidole vikikuta nywele palepale magotini vilikimbia kama zamani. Hicho ndicho kilichowafanya watu wasimwelewe. Mama mkwe alikuwa akipita mlangoni anaviona vidole vile vinavyokimbia, kisha jioni anamwona mkwewe huyohuyo anashindwa kuanika shuka kwenye kamba, anatikisa kichwa na kwenda zake.

Siku hiyo alikuja mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi. Alikuwa na sherehe ya mdogo wake. Akautazama mto.

"Leo mimi sikai chini, nina nguo nzuri. Zamani ulikuwa unatuweka kwenye viti kama watu."

Msusi akamweka kwenye kiti, akasimama nyuma yake, akaanza. Mistari ya kwanza ilitoka mizuri. Halafu mabega yakaanza kuwa mazito, si kwa maumivu, bali kama mtu amemning'inizia ndoo kila upande na kuziacha zijae polepole. Akajifanya anatafuta kitana. Akajifanya anasikia mtu anamwita nje. Mwisho akaviweka viwiko vyake juu ya mabega ya mwalimu.

"Mbona unaniegemea kama ukuta?"

"Samahani, mwalimu. Kidogo tu."

"Na huu mstari unakwenda wapi? Unakwenda kuoga?" Mwalimu alikuwa ameuona kwenye kioo, mstari uliopinda juu ya sikio. "Wewe, unaumwa?"

"Siumwi."

"Huumwi?"

"Siumwi popote."

"Basi mtu asiyeumwa na hafanyi kazi tuna neno lake, na neno lenyewe si zuri." Akainuka, akafunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akatazama ng'ambo ya barabara palipokuwa na saluni nyingine yenye redio. Akaweka pesa mbele ya kioo. "Nusu ya kichwa, nusu ya bei. Usinichukie." Akatoka, akavuka barabara.

Jioni mume wake aliuliza swali lilelile. Mtaani walimwita Fundi, kwa sababu alichomelea mageti na madirisha ya chuma kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya soko, na macho yake daima yalikuwa mekundu kidogo. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache.

"Mwenzangu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Kama kuna jambo kati yetu, lisemwe. Mtu anaweza kugoma bila kusema kwamba amegoma."

"Sijagoma. Mwili ndio umegoma."

Fundi akalitafakari jibu lile. Ilionekana wazi kwamba hakuliamini wala hakulikataa.

*

Lugha yenyewe ilimfunga. Ukimwona mtu amelegea utamwuliza, unaumwa? Akijibu siumwi, umemaliza kazi yako: hana ugonjwa. Na Msusi alikuwa mkweli. Akilala alijipapasa mwili mzima kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko, akitafuta mahali panapouma apapeleke hospitali. Hakupapata.

Zahanati alikwenda peke yake mara ya kwanza. Tabibu alikuwa kijana mwenye adabu na foleni iliyofika barabarani.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Siumwi popote. Nimeishiwa nguvu."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala."

"Basi ni uchovu. Punguza kazi, punguza mawazo." Akamwandikia vidonge vya vitamini, naye akarudi nyumbani navyo kwenye karatasi.

Wifi alivitazama kama samaki aliyechacha. "Ulimwambia nini?"

"Ukweli."

"Wifi, ukweli unaupeleka msikitini au kanisani. Hospitali mtu anaingia kwa maumivu, kama tikiti. Huna tikiti, unashushwa. Keshokutwa unarudi, unasema mgongo. Hakuna daktari asiyeujua mgongo. Hebu kaa. Sasa jipinde kidogo. Shika kiuno. Si hivyo, hivyo ni mjamzito. Hivi."

Wakafanya mazoezi, wifi akiwa tabibu, miwani ya mama mkwe puani. Msusi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kile kilimfaa kuliko vitamini. Wifi alikuwa na nia njema tu. Aliona mtu anazama, akamtupia kamba iliyokuwa karibu.

Tabibu aliuamini mgongo pale pale. Akatoa dawa za maumivu na dawa ya kuchua. Zilipoisha, mgongo ukarudi tena, akatoa kali zaidi. Fundi alilipa kila mara bila kuuliza, na mashine yake ndogo ya kusaga chuma haikuonekana tena kibandani, alisema ameiazimisha. Dawa kali ziliunguza tumbo. Ikawa sasa Msusi ana mahali panapouma kweli, na mahali penyewe amepatiwa na tiba.

Nguvu ziliendelea kuondoka, bila kelele. Kwanza ngazi tatu za mlangoni, akawa anazipanda kwa kushika paja lake na kulivuta. Halafu kitana kichwani mwake mwenyewe; akaanza kuvaa kilemba ndani ya nyumba. Halafu mto wa kulalia: akitaka kuinuka kitandani, kichwa hakikubali kuuacha mto, mpaka agaagae aanguke kwa upande kama gunia.

*

Choo kilikuwa uani, cha kuchuchumaa, kwa ajili ya nyumba nne. Mchana mmoja Msusi aliingia, akachuchumaa, na alipotaka kuinuka, mapaja hayakuitika.

Akajaribu tena. Kuta zilikuwa zimesakafiwa laini, hapana pa kushika. Akaweka mikono chini, jambo ambalo hakuwahi kudhani atalifanya, akajisukuma. Akainuka kiasi cha kiganja, akarudi chini.

Nje mtu alikohoa, kama watu wanavyokohoa mlango wa choo.

"Kuna mtu," alisema Msusi.

Baada ya muda vikohozi vikawa viwili. Mtu akasema, "Huyo kahamia." Wakacheka. Msusi akauma kanga yake. Angeweza kuita. Lakini angeita aseme nini? Njooni mniinue? Mtu mzima, mke wa watu, asiyeumwa popote?

Akasikia ndara anazozijua zinaburura.

"Nani yumo?" aliuliza wifi.

Walioko nje wakasema hawajui, labda amelala. Ndara zikasogea mpaka mlangoni, kisha wifi akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Ah, nilisahau, nilimwahidi maji." Akausukuma mlango, akaingia na ndoo tupu, akaufunga nyuma yake.

Aliitazama ile mikono iliyokuwa sakafuni, akaweka ndoo chini, akapitisha mikono yake chini ya makwapa ya wifi yake.

"Shika shingo. Usinibusu tu," alinong'ona. Akamwinua, akamfunga kanga vizuri, akamfuta viganja kwa upindo wa gauni lake mwenyewe.

Kabla hawajatoka, wifi aliupiga mlango teke kwa ndani, mara mbili, mpaka bawaba moja ikalia. Kisha akatoka amefura.

"Mlango wenu umekwama, na nyinyi mmesimama hapa mnacheka. Kaka yangu fundi mzima wa milango, na nyumba yake ina mlango mbovu. Mmeona wapi aibu kama hii?"

Jioni Fundi alitoka na vifaa vyake, akaufanyia kazi mlango ambao mchana ulikuwa mzima.

Chumbani wifi alikaa ukingoni mwa kitanda. "Si mgongo," alisema.

"Haujawahi kuwa mgongo."

"Najua. Mimi ndiye niliyekupa." Akaikunjakunja kanga iliyokuwa mapajani. "Wifi, ni nini basi?"

"Laiti ningekuwa naumwa," alisema Msusi. "Ningekwambia."

*

Hazikupita siku nyingi. Walikuwa wanakula mchana, yeye na mama mkwe, mkate na chai. Msusi alimeza, tonge likasimama njiani. Akanywa chai lishuke, chai ikatokea puani. Akafungua mdomo, hewa haikuingia wala kutoka.

Mama mkwe, ambaye magoti yake yalimchukua nusu saa kuinuka kutoka kwenye jamvi, aliinuka. Akamwinamisha mkwewe, akampiga kati ya mabega kwa kiganja kilichotwanga miaka mingi, akapiga, akapiga, mpaka kipande cha mkate kikatoka. Msusi alivuta pumzi iliyosikika nje. Mama mkwe aliendelea kumpapasa mgongo, akisema polepole, "Mwanangu, mwanangu," na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

Fundi aliletewa habari akiwa kazini. Akaja na gari la kubebea vyuma, akambeba mkewe mgongoni mpaka garini, wifi akapanda nyuma pamoja na nondo.

Njiani wifi aliinama kwenye kidirisha. "Hapa ndipo hasa pa kusema mgongo. Hii ni hospitali kuu. Ukisema huumwi, utarudishwa langoni, na leo hatuna nafasi ya kurudi. Mimi nitasema, wewe nyamaza."

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi, mkono mmoja wa miwani yake umeungwa kwa plasta.

"Anaumwa nini?"

"Mgongo, daktari," alisema wifi. "Muda mrefu sana. Na sasa umepanda mpaka kooni."

"Mgongo umepanda kooni?"

"Ndiyo."

Daktari aliandika. Msusi aliitazama ile kalamu inavyokwenda. Aliwaza kwamba neno likishaandikwa pale, atapewa dawa za maumivu, atarudi nyumbani, na tonge lijalo litamkuta mama mkwe hayupo karibu. Na akikanusha, ataonekana mwongo, yeye na wifi yake, mbele ya mume.

"Siumwi mgongo," alisema. Sauti ilitokea puani, nyembamba, kama ya mtu mwenye mafua. Wifi akamkanyaga mguu. "Siumwi popote, daktari. Tulidanganya. Nilipokuwa nasema siumwi, hakuna aliyenipokea."

Fundi aligeuka akamtazama dada yake. Wifi akatazama chini.

Daktari aliweka kalamu. Msusi akangoja kufokewa.

"Haya," alisema daktari, "basi leo tusitaje kuumwa kabisa. Niambie vitu ulivyokuwa unavifanya mwaka jana ambavyo leo huviwezi."

Ilikuwa kama mtu aliyegonga mlango usio wenyewe miezi yote, kumbe mlango ulikuwa upande wa pili. Msusi aliyasema yote: rafu, kamba ya nguo, ngazi, kitana, mto wa kulalia. Alipofika kwenye choo akasita, akamtazama wifi, na wifi akamalizia yeye, kwa sauti ya chini, huku Fundi akisikia kwa mara ya kwanza kwa nini alitengeneza mlango mzima.

"Nibane vidole," alisema daktari. Msusi akambana. Daktari akavuta mkono wake na kuupepea. "Vidole vizima, vya msusi kweli. Sasa inua mikono juu, mimi nitaisukuma chini, unikatalie." Mikono ilishuka kabla ya kusukumwa. "Kunja mikono kifuani, inuka kwenye kiti." Msusi akajirusha mbele, akajirusha tena, akabaki pale pale. "Lala, inua kichwa." Kichwa hakikuacha kitanda.

Fundi alikuwa amesimama dirishani, mkono umeziba mdomo.

"Huu si uvivu, wala si mgongo," daktari alisema. "Ni misuli. Ile iliyo karibu na kiwiliwili ndiyo imelegea, mabega, nyonga, shingo, na sasa ya kumezea. Ya vidole na nyayo hukawia. Ndiyo maana watu walikuona mzima."

Fundi aliondoa mkono mdomoni. "Chuma kikiliwa na kutu kwa ndani hakilii," alisema, kama anazungumza na dirisha. "Siku unaegemea ndiyo unajua."

*

Walimlaza siku ileile. Wakampitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni, chakula kipite humo, maana kila tonge lilikuwa hatari. Damu ilipopimwa, daktari alikuja kukaa kitandani akawaeleza wote watatu, mama mkwe akiwa mbele.

"Msuli ukiharibika, unavuja. Vitu vinavyotakiwa kukaa ndani yake vinamwagika kwenye damu. Vya kwako vimemwagika vingi mno. Sasa tunajua unaharibika, ila hatujajua nani anauharibu. Yapo maradhi ya misuli ya kurithi, yapo yanayoletwa na dawa, yapo ya tezi ya shingo. Na upo ugonjwa huu ninaoushuku, ambapo askari wa mwili, wale wanaotukinga na maradhi, wanawageukia wenyeji. Ili kujua, tukate kipande kidogo cha msuli wa pajani tukakitazame."

"Mnakata nyama ya mtu aliye hai?" aliuliza mama mkwe.

"Kidogo, bibi. Kama punje ya harage. Kwa ganzi."

"Na msipokata?"

"Nitakuwa natibu kwa kubahatisha. Dawa zenyewe ni nzito, zina madhara yake. Sitaki kumpa mgonjwa dawa ya ugonjwa wa jirani."

"Na tukichelewa?" aliuliza Fundi.

Daktari hakuzunguka. "Koo ni jirani wa kifua. Misuli ya kuvutia pumzi ikifuata, itabidi apumue kwa mashine. Mashine tunazo mbili hospitali nzima, na zote zina watu."

Mama mkwe akauvuta ukingo wa shuka mpaka mguu wa mkwewe ukafunikwa vizuri. "Wakate," alisema. "Lakini wakate kwa adabu."

Wakakata. Wakaambiwa jibu litachukua siku kadhaa, maana kipande kilipelekwa kwa mtaalamu wa mbali.

Wifi alikuja kila saa ya wagonjwa, na kila siku Msusi alimwambia neno lilelile, kwa adabu ya kulelewa: "Wifi, usijisumbue. Una biashara yako."

"Nani kakwambia nimekuja kwako? Nimekuja kutazama madaktari."

Siku moja alimvua kile kilemba, akaona nywele zilivyojisokota chini yake, hazijaguswa tangu lini. Akatoa kitana. Katika maisha yake yote wifi alijua msuko mmoja tu, ule wa mistari minene inayorudi nyuma, wa mtu mwenye haraka. Akasuka, akivuta vibaya, Msusi akivumilia, jasho likiwatoka wote wawili.

Muuguzi alipita akasimama. "Umependeza. Unaitwaje huo msuko?"

Mtaani kwao hakuna asiyejua jina lake, na jina lake ni twende kilioni.

"Hauna jina," alisema wifi.

Bega la Msusi likaanza kutikisika. Wifi alishtuka, akadhani pumzi zinamshinda, kumbe alikuwa anacheka, bila sauti, mpira puani. Wifi akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa kitanda akacheka naye, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko kicheko kinavyohitaji.

*

Jibu lilirudi. Daktari hakukosea, ni wale askari. Dawa zikaanza, za kuwatuliza, nyingi kwa mara moja, nyingine kwa mshipa. Aliwaambia uso utavimba, njaa itakuja, usingizi utakimbia, na kwamba dawa ya namna hii haikatizwi ghafla hata mtu akijiona mzima. "Na usitegemee kesho," alisema. "Misuli iliyobomoka kwa miezi haijengwi kwa juma."

Kweli, kesho haikuleta kitu. Ikaleta ubaya. Mchana mmoja pumzi za Msusi zikawa fupi, akawa anasema neno moja, anapumzika, anasema jingine. Daktari akaamuru kitanda kisukumwe mpaka mwisho wa wodi, karibu na meza ya wauguzi, wamwone kila wanapoinua macho. Mashine bado zilikuwa na watu.

Saa ya wagonjwa ilipofika, Msusi alikuwa ameelekezwa mlangoni, mito mitatu mgongoni. Alimwona wifi anaingia na kikapu. Alimwona anapita safu ya kwanza akiwasalimu wagonjwa aliokwisha kuwazoea. Akamwona anafika pale kitanda kilipokuwa jana.

Palikuwa na sakafu tupu, imepigwa deki.

Wifi alisimama. Hakumwuliza mtu. Msusi akafungua mdomo amwite, ikatoka pumzi tu. Akataka kumpungia, mkono ukainuka kiasi cha kuacha shuka, ukarudi. Alikuwa anatazamwa na watu wote isipokuwa yule mmoja. Wifi aliweka kikapu chini taratibu, kana kwamba kina mayai, halafu akakaa kwenye ile sakafu yenye unyevu, na yule mwanamke ambaye mdomo wake mtaa mzima uliuogopa hakutoa hata neno.

Mwanamke wa kitanda cha jirani ndiye aliyemgusa begani kwa fimbo yake. "Dada. Dada, tazama kule."

Wifi akatazama. Akainuka, akasahau kikapu, akaja akipita katikati ya vitanda bila kusema samahani. Alipofika aliushika ule mkono uliokuwa juu ya shuka.

"Umehama," alisema. "Unahama bila kuaga."

"Usi... jisumbue," alisema Msusi.

"Nyamaza."

Akakaa mpaka muuguzi akaja kumwondoa, na muuguzi, alipomtazama uso, akapita akaenda kuwaondoa wengine kwanza.

Jioni ile pumzi hazikuwa fupi zaidi. Asubuhi zikawa zilezile. Daktari alikuja kabla ya zamu yake, koti bado liko mkononi, akasikiliza kifua, akasikiliza tena mchana. Mashine moja ilipopata nafasi alipewa mtu mwingine. Na hivyo ndivyo walivyojua, kabla hajasema mtu yeyote, kwamba Msusi alikuwa ameacha kuteremka.

*

Kupanda kulikuwa kwa polepole kiasi cha kumchosha anayetazama. Kwanza kichwa kiliuacha mto. Halafu sauti ikatoka puani ikarudi mdomoni, pole pole, kama mgeni mwenye aibu. Uso ukavimba kama walivyoambiwa, ukawa wa duara, na mama mkwe akasema hatimaye mkwe wangu amenenepa, watu wataona tunamlisha. Fundi alikuja jioni na harufu ya chuma, akajifunza kwa mtaalamu wa mazoezi namna ya kumwinua mtu bila kumvuta mabega, akajifunza kwa uangalifu uleule anaopimia geti. Daktari hakuwaahidi kwamba mikono itarudi yote. Alisema huenda ikarudi kiasi cha kazi, huenda ikarudi kiasi cha kitana, na kwamba dawa zitakuwa za muda mrefu. Msusi aliuliza kuhusu viti na mto wa sakafuni. Daktari akasema wateja wakae chini, wasiotaka wavuke barabara.

Kisha ikaja siku ya kijiko. Muuguzi alimkalisha wima, kidevu chini, akaleta maji kidogo kwenye kijiko cha chai. Siku mbili kabla walijaribu, akakohoa, wakaacha. Wifi alisimama miguuni pa kitanda, macho kwenye koo la wifi yake kama mtu anayetazama uzi unapita tundu la sindano.

"Meza mara moja. Usiharakishe."

Maji yaliingia. Koo likapanda, likasimama, likashuka. Wote watatu wakasubiri kikohozi.

Hakikuja.

"Tena," alisema muuguzi. Akameza tena. Akameza cha tatu. Muuguzi akasema jioni watajaribu uji mwepesi, na uji ukikubali, juma lijalo mpira utaondoka. Aliondoka na kijiko akikishika kwa heshima, kama kikombe cha ushindi.

Wifi alikaa. Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, kisha akageuka kuwa yeye.

"Haya, unameza. Sasa mimi wa nini? Mitumba yangu inavaliwa na panya kwa ajili yako. Kesho nakwenda sokoni, wifi. Kaka atakuja jioni, inatosha."

"Inatosha," alisema Msusi.

Kengele ya kufunga saa ya wagonjwa ililia. Wifi akakusanya vyombo, akapanga kikapu, akamwekea shuka sawa begani. Alisubiri kidogo, kwa sababu huu ndio wakati wake wa kuambiwa asijisumbue. Hakuambiwa. Akaenda, ndara zikiburura, akipishana na watu wanaotoka.

Alikuwa ameshika mlango wakati Msusi alipomwita. Hakuita kwa nguvu, lakini sauti ilifika, na watu wawili watatu wakageuka.

"Wifi. Kesho njoo."

Wifi aligeuka. "Kufanya nini? Si umeshameza."

"Hakuna cha kufanya," alisema Msusi. "Njoo tu."